Kitabu Kilichositishwa kwa Sasa

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kuamini kwamba “kwa sasa” maana yake ni kwa sasa. Ujumbe wa mhariri ulisema kampuni imelazimika kusitisha mradi wa kitabu changu kwa sasa, na mimi, niliyejifunza Kiswahili darasani baada ya Kikurya cha nyumbani, nikausoma kama anavyosoma mtu wa kwetu: jambo limesimama leo, litaendelea kesho. Kwetu mtu akitaka usubiri anakuambia subiri, na akitaka uondoke anakuambia ondoka, hata kama bado umeshika kikombe chake. Nilisubiri tangu mahindi yakiwa na majani mawili mpaka yakavunwa, na muda wote huo nilikuwa narekebisha michoro ambayo hakuna mtu aliyeingojea. Naandika haya kwa sababu mwezi uliopita tulimzika Bibi Nyangi kule kijijini Gorong'a, Tarime, na pale msibani niliulizwa swali nililolikimbia kwa miaka mitano.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na minne na nilikaa Mugumu, chumba cha uani nyuma ya saluni ya kiume. Ukuta ulikuwa wa bati upande mmoja, kwa hiyo siku nzima nilisikia mashine ya kunyolea na mazungumzo ya wateja: nani amefungwa mabao mangapi, tembo wameingia shamba la nani, binti wa nani ametolewa ng'ombe pungufu. Nilikuwa naishi kwa kuandika mabango. Sikusomea sanaa popote. Nilijifunza kuchora kwa kunakili picha za kwenye mifuko ya saruji na makaratasi ya biskuti, baadaye kwa video za kwenye simu, na kama mtu aliyejifunza peke yake sikujua mahali pa kuacha. Nilikuwa nafuta kuliko ninavyochora. Kuna bango la duka la dawa za mifugo ambalo nililipaka upya mara nyingi hadi mwenye duka akaja akaninyang'anya brashi, akaniambia ng'ombe wake ametosha kuwa ng'ombe. Nilirudi chumbani nikiwa na hasira, na asubuhi nikapita tena pale kuangalia kwato kama zimekaa sawa.

Kitabu kilianza kwa picha tatu nilizozituma kwa simu kwa kampuni moja ya vitabu Dar es Salaam, bila kumjua mtu yeyote pale. Mhariri, dada Rehema, alinipigia mwenyewe. Alikuwa na sauti ya mtu anayetabasamu, akaniuliza kama hadithi inayoambatana na picha zile ninayo yote. Nikasema ninayo. Sikuwa nayo. Nilikuwa nayo nusu, kama nilivyoisikia utotoni kwa Bibi Nyangi, jirani ya shangazi yangu. Wiki hiyohiyo nikaenda Gorong'a kuitafuta nusu ya pili.

Bibi Nyangi hakuzaa mtoto wa kiume, na kwa desturi yetu ya nyumba ntobhu alikuwa amemtolea ng'ombe binti mmoja aitwaye Ghati, akawa mke wa nyumba ile, akazaa Mwita na wadogo zake, wanaobeba jina la Bibi Nyangi. Ghati ndiye aliyepika, aliyelima na aliyecheka katika nyumba hiyo. Bibi mwenyewe hakuwa mtu wa kucheka. Alikuwa mrefu, mkali, mwenye pengo katikati ya meno ya juu, na alikuwa na mwiko wake mwenyewe: hadithi haisimuliwi mpaka ng'ombe wawe zizini. Nikamweleza kwamba mimi nahitaji mwanga, kwa sababu nilitaka nimchore yeye awe ndiye mama wa kwenye hadithi. Aligeukia zizi tupu. Kisha akasema, “Nitakuvunjia mwiko wangu. Na wewe usije ukanivunjia.” Ghati, aliyekuwa anachambua mboga pale uani, akasema leo ng'ombe wote wa Gorong'a watalala porini kwa sababu ya picha. Bibi akamwambia anyamaze, akavuta kigoda chake mpaka juani, akakaa kama mtu anayepimwa kanzu.

Hadithi yenyewe ni fupi. Msichana ameachwa nyumbani alinde ndama, na fisi amejifunza kumwita kwa sauti ya mama yake ili afungue mlango. Msichana anaponea kwa kitu kimoja tu: sauti ya mama inashuka mwishoni, ya fisi inapanda. Bibi Nyangi alinionyesha tofauti hiyo mchana kweupe, akiita kwa sauti ya mama na kisha kwa sauti ya fisi, mpaka mbwa wa jirani wakaanza kubweka. Nilipomaliza kumchora aliomba aone. Nilikuwa nimelificha lile pengo la meno kwa kumfunga mdomo, nikidhani ni heshima. Akaisogeza karatasi karibu kabisa na macho, akaigusa kwa kidole. “Weka pengo,” akasema. “Watu wasije wakasema ni mwanamke mwingine.” Siku hiyo nilikula kwao ugali wa mtama na maziwa ya mgando, na nilipokuwa nanawa mikono nikawasikia wanawake waliokuwa wakipita na ndoo wakisema kwamba Bibi Nyangi siku hizi hateki tena maji, amehamia kwenye kitabu. Mwingine akauliza kama kitabuni kuna kisima. Bibi akawajibu kutoka ndani, bila hata kuinua sauti: “Mtanisoma.”

Nikiutazama mwaka ule sasa, sehemu iliyokuwa tamu ni hiyo miezi michache ya kazi na dada Rehema, na bado hata hapo nilikuwa na wasiwasi kila siku. Tulibishana kuhusu neno moja. Msichana wa kwenye hadithi anamwita mama yake “Baba”, kwa sababu kwa Kikurya baba ndiye mama, na baba mwenyewe anaitwa tata. Nilitaka neno hilo libaki hivyohivyo. Dada Rehema alinipigia.

“Kaka, msomaji wa Mtwara anaona mwanamke, chini imeandikwa Baba. Atasema tumekosea kuchapa.”

“Kwetu baba ni mama.”

“Hebu rudia,” akasema, na nikasikia anacheka na mtu mwingine ofisini kwao.

Mwishoni alikubali, tukaweka sentensi moja ya maelezo mwanzoni. Lakini ubishi ule ulichukua wiki, na baada yake nikachukua wiki nyingine nyingi kumchora fisi upya, kwa sababu masikio yake yalikuwa yananiamsha usingizini. Tarehe ya kukabidhi ikapita. Nikaomba nyingine, nayo ikapita. Kila nikiomba radhi dada Rehema alijibu “usijali, tuko pamoja”, na mimi nikaandika maneno hayo ukutani kwa penseli juu ya kitanda, kama mtu aliyepewa ahadi na mkwe.

Ujumbe wa kusitisha ulinikuta Mbalibali, nikiwa juu ya ngazi, nachora ramani ya Afrika kwenye ukuta wa shule ya msingi. Niliusoma, nikarudisha simu mfukoni, nikaendelea kupaka bahari. Mwalimu wa zamu alikuja akasimama chini yangu kwa muda, akauliza, “Fundi, Madagaska umeipeleka wapi?” Nilikuwa nimeifunika kwa rangi ya bluu. Nikashuka, nikaisogeza ngazi, nikaichora Madagaska upya, kubwa kuliko inavyostahili, na bado iko hivyo mpaka leo. Jioni nilimjibu dada Rehema kwa maneno mawili: “Sawa, nasubiri.” Alinitumia alama ya mikono miwili iliyokutanishwa viganja. Nikaichukua ile mikono kuwa ni shukrani kwa uvumilivu wangu.

Aliyenifungua macho ni Mwalimu Salma, mwalimu wa Kiswahili kule Issenye, mtu wa Tanga aliyepangiwa kazi kwetu na ambaye wanafunzi walimpenda kwa sababu hata akikufukuza darasani anasema tafadhali. Shule ilikuwa imeniita niandike maneno ya getini. Mchana alinikaribisha chapati na maharage katika nyumba ya walimu, chumba chenye zulia la plastiki na pazia alilolishona mwenyewe, na kwa kuwa sikuwa na mtu mwingine wa kumweleza nikampa simu asome. Alisoma, akaiweka mezani taratibu, akanimiminia chai kwanza.

“Kaka yangu, hii ni hapana.”

“Mbona haijaandikwa hapana?”

“Ulitaka akuandikie hapana? Ungemwona hana adabu.”

Nilibaki nimeshika chapati. Nikafikiria miezi yote ile, masikio yote yale ya fisi. Nikamwambia nitaandika jibu, na nikaliandika palepale mezani pake: kwamba wamenidanganya, waseme kama kitabu kinatoka au hakitoki, wasinichezee. Mwalimu Salma alilisoma akaguna. Alisema hii si barua, hii ni panga, na kwamba sisi watu wa Tarime tunaandika kama tunamwita mtu atoke nje. Halafu akaniambia jambo ambalo sikulitaka. Kwamba yule mhariri huenda hakuamua yeye. Kwamba kampuni ile ni mlango, na mlango ukishafungwa haufunguliwi kwa teke. Mimi bado nitahitaji kupita hapo, au kupita kwa watu wanaofahamiana na hapo. Kwamba nimshukuru kwa kazi aliyokwisha kuifanya, nisiulize kosa ni la nani, niombe haki za hadithi na michoro zirudi kwangu kwa maandishi, niombe na kurasa zilizokwisha kupangwa, kisha niage vizuri. Na nisiandike neno lolote kwenye makundi ya simu. “Hasira uile na ugali,” alisema, “barua upeleke ikiwa tupu.”

Bila shaka ilinichukua muda mrefu kuliko ilivyostahili. Nilikaa na barua ile chumbani Mugumu nikibadilisha “nakushukuru” kuwa “ninakushukuru” na kuirudisha tena, huku upande wa pili wa bati wakinyolewa na kubishana juu ya penalti. Lakini nilipoituma ilikuwa barua safi. Dada Rehema alinipigia siku ileile, na safari hii hapakuwa na tabasamu katika sauti yake. Alisema vitabu vyote vya watoto vimeondolewa kwenye mpango, si changu tu, na kwamba yeye mwenyewe anamaliza mwezi huo kisha hajui aendako. Nikamuuliza kama ni kwa sababu nilichelewa. Akasema hapana. Nikamuuliza kama ni kwa sababu ya lile neno baba. Akasema, “Kaka, jitahidi usijibebeshe kila kitu,” na mpaka leo sijui kama hilo nalo lilikuwa jibu au adabu. Haki zilirudi, zimesainiwa na kugongwa mhuri. Kurasa zilirudi. Alisema hajapata kupokea barua ya kistaarabu namna ile kutoka kwa mtu aliyekataliwa. Nilijisikia fahari, na fahari hiyo naikumbuka kwa aibu kuliko kitu kingine chochote cha mwaka ule. Hakuna aliyekosewa heshima. Kitabu kilikufa na kila mtu akatoa pole.

Niliwaandikia wachapishaji wengine. Wawili hawakujibu. Mmoja alisema hadithi ni nzuri ila wao huchapa vya shule tu. Basi nikasema nitatengeneza nakala moja tu, ya Bibi Nyangi, na siku moja nikashuka Tarime mjini na kurasa zangu kwenye flashi, nikaingia kwenye duka la steshenari lenye foleni ya wanafunzi wanaotoa kopi za mitihani. Kijana wa mashine aliniambia mapema wino mwekundu na wa njano unaelekea kuisha, itatoka hivyohivyo. Ikatoka hivyohivyo. Nyasi zilikuwa za bluu, fisi alikuwa wa kijani, na uso wa Bibi Nyangi ulikuwa na rangi ya mtu aliyezama majini. Kijana akazipanga, akazipiga pini pembeni, akazikata kingo, na kusema kweli kilikuwa kitabu. Kilifunguka. Pengo lilionekana. Niligeuza kurasa nikiwa nimesimama pale, watu wakinisukuma mgongoni, na kitu pekee nilichokiona ni ile rangi. Nikamwambia siwezi kumpelekea mtu kitu kama hiki. Akaniuliza kama akiharibu. Nikasema aharibu. Akakichana vipande viwili, akakitumbukiza kwenye boksi la karatasi mbovu, akamhudumia mwanafunzi aliyekuwa nyuma yangu. Mimi nikapanda bodaboda kwenda Gorong'a mikono mitupu.

Kwetu mgeni haulizwi lililomleta kabla hajala. Ghati alinitengea ugali na mlenda, akanichekea kwamba nimekonda kama fisi wangu. Bibi Nyangi alikuwa amekaa ukutani, na niliona kwamba hakuniangalia mimi, aliangalia begi. Njiani nilikuwa nimeyapanga maneno ya kumwambia: bibi, wamekataa, hakitatoka. Kila tonge lilivyoshuka ndivyo maneno yale yalivyozidi kuwa mazito, kwa sababu mtu aliyeshiba chakula chako anakuambiaje jambo kama hilo. Nilipomaliza kunawa Bibi akauliza, “Kiko wapi?”

Nami nikamjibu kwa lugha niliyofundishwa Issenye. Nikamshukuru kwa hadithi. Nikasema watu wa Dar wameipenda mno. Nikasema kitabu kimesitishwa kwa sasa.

“Kwa sasa,” akarudia yeye, polepole, kama anayepima unga. Kisha akasema, “Basi si mbali.”

Nilijua maana ya neno lile. Nilikuwa nimelilipia kwa miezi mizima. Na nilijua yeye atalisikia kwa sikio lilelile nililolisikia nalo mimi mwanzoni. Nilinyamaza nikamwacha nalo, na Ghati akaniongezea chai.

Baada ya hapo sikwenda tena Gorong'a. Nilituma sukari kupitia watu wa bodaboda, na majani ya chai, na salamu. Salamu zilirudi na swali. Nikikutana na mtu wa kule sokoni nilijifanya nina haraka. Kazi zilinipeleka Sirari, Musoma, mara moja hadi Bunda, na kila mahali nilikuwa na sababu ya kutopita njia ile. Najua watu wanaosema kwamba muda unaponya. Wangu ulipita tu. Michoro iko chini ya godoro ndani ya nailoni, na panya wameanza kula pembe.

Msibani nilikuwa miongoni mwa wachimba kaburi. Baada ya maziko, watu walipokuwa wanatawanyika na wengine wakigombania kwa sauti ya chini nani alaze wageni, Ghati aliniita nyuma ya jiko, alipokuwa anasugua masufuria makubwa kwa majivu. Nilimpa pole. Akaipokea bila kuinua kichwa.

“Mchoraji,” akasema, “kile kitabu kimefikia wapi?”

“Mama Mwita, hakipo. Kilikufa mwaka uleule.”

Aliendelea kusugua. Akauliza kama marehemu alijua. Nikasema hapana. Akaniambia kwamba dada yake Bibi Nyangi aliolewa Sirari, na kila baada ya mavuno Bibi alikuwa na kawaida ya kwenda kukaa naye. Tangu siku ile niliyokula mlenda hakwenda tena. Akibembelezwa alisema wataleta kitabu wasimkute, watampa mtu mwingine. Dada mtu alitangulia kufa, na hata matanga yake Bibi alikwenda asubuhi akarudi jioni.

Sijui kwa nini nikamweleza habari za ile nakala ya Tarime. Labda nilitaka anione kwamba nilijaribu. Nikamwambia wino ulikuwa mbovu, uso ulitoka bluu, ndiyo maana nikaiharibu. Hapo ndipo alipoinua kichwa akaniangalia, na hakuwa na hasira, alikuwa kama mtu anayejaribu kuelewa hesabu.

“Macho yake yalikuwa na ukungu miaka mingi,” akasema. “Rangi angeiona wapi? Angekishika tu.”

Kisha akaniomba nimsaidie kumwaga maji ya masufuria, na nikayamwaga.

Sijaandika kitabu kingine wala sitarajii. Bado napaka mabango, bado nafuta kuliko ninavyochora. Kilichobadilika ni hiki tu: nikiwa na habari ya jambo lililokufa, naisema nikiwa nimesimama mlangoni, kabla sijaketi na kabla sijatengewa chakula, na watu wengi wananiona sina adabu.